Mabakuli Arobaini ya Tuda

"Mabakuli manane yalikuwa yakilowesha shamba langu mpaka ukutani," Tuda alimwambia shemeji yake mbele ya watu. "Leo manane hayo hayo hayafiki mtende wa tatu. Maji yangu yako wapi, Bassu, kama si matumboni mwa matikiti yako?"

Pale kwenye bonde la Dra zamu ya maji hupimwa kwa bakuli la shaba lenye kitundu: unaliweka lielee kwenye ndoo ya maji, likijaa na kuzama, kipimo kimoja kimekwisha. Bassu akajibu kwamba bakuli ni lile lile na kitundu ni kile kile, basi anayelalamika ndiye aliyechakaa. Alikuwa amechimba kisima upande wa juu wa mfereji na kukifungia pampu ya jua ya kumwagilia matikiti. Wenye vijana walioko Ufaransa waliita jambo hilo neema, maana pampu zao zilinunuliwa na vijana hao. Tuda, mjane mwenye mabinti pekee, aliliita wizi.

"Nikodishe shamba, shemeji, ukae kivulini," Bassu alisema. "Huna mtoto wa kiume. Mitende unaigombania kwa ajili ya nani?"

Adhuhuri ile ile Tuda alipanda kisimani na jembe, akaukata mpira wa pampu vipande vitatu. Bassu akamtandika kwa mpini wa koleo. Mkono wa kushoto ukavunjika kwa mlio wa kuti kavu. Kwa mkono wa kulia Tuda aliokota jiwe, akampasua paji la uso, kisha akamrukia na kumng'ata shavu. Alipobanduliwa, damu ilikuwa imetapakaa juu ya matikiti, na nyama alikuwa nayo mdomoni.

Baraza la ukoo likaamua: uso na mpira vimefutana na maji yaliyopotea, umebaki mkono wa Tuda. Bassu aulipe kwa mabakuli arobaini ya maji kutoka kisimani mwake.

Kila asubuhi Bassu alileta mpira mpya, na Tuda, mkono umefungwa kwa vijiti, alikaa na ndoo kati ya magoti akilitazama bakuli mwenyewe. Hakumwachia mtu. Mitende ikarudia rangi yake, na Bassu akaiona.

"Nipe nusu ya shamba tu," alisema siku ya mwisho, "maji hayatakatika tena. Yakikatika leo, unajua yatakayoipata mitende."

Tuda alijua. Bakuli la arobaini likazama.

"Tumemalizana, shemeji. Toa mpira wako shambani kwangu kabla sijashika jembe."

"Kwa mkono mmoja?"

"Huu mmoja ndio uliokupasua."

Bassu akainama, akaanza kuukunja mpira.