Eseri Aliyemwaga Maziwa

Watu wa Bweranyange walipotaka kumsema Eseri bila kumtaja jina, walisema "yule aliyemwaga maziwa", na kila mtu alielewa. Alikuwa ameishi miaka thelathini na mitano bila kashfa. Alizaa, akalea, akakarimu wageni, akasimama katika kwaya ya kanisa mpaka sauti yake ikazoeleka kama kengele. Kisha ikaja asubuhi moja, na majirani wakaifanya asubuhi hiyo kuwa maisha yake yote. Ni uvivu wa moyo kumhukumu mtu kwa siku moja, lakini uvivu huo una wafuasi wengi, na baadhi yao hukaa viti vya mbele kanisani.

Asubuhi yenyewe aliikumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mbuga hata ng'ombe walionekana pembe tu, pembe ndefu nyeupe zikielea polepole kuelekea mlangoni. Yeye alikuwa ndani, mbele ya kichanja ambapo hupangwa ebyanzi, vile vyombo vya mti vya kuwekea maziwa. Maziwa yalikuwa ya moto bado. Akasikia kilio. Kilitoka katika chombo cha kwanza, chembamba sana, kisha katika cha pili, kisha vyote vikaitikiana. Hakuogopa. Alivibeba kimoja kimoja hadi nje, akayamimina maziwa kwenye majani taratibu, kama anayemlaza mtoto. Vilikuwa saba. Cha mwisho kilipokwisha, kilio kikanyamaza, na dunia ikawa tulivu kama chumba cha mgonjwa aliyepata usingizi. Mama mkwe wake, Kansiime, alipotoka zizini na fimbo mkononi, alikuta ardhi nyeupe na mbwa wakilamba.

Wafugaji wa kule humsamehe mlevi, na hata mwizi wakimpiga faini humsamehe. Maziwa ni jambo jingine. Yaliyofuata hayafai kusimuliwa kwa urefu. Alipelekwa kwa mganga, akapelekwa kwenye maombi, na kati ya hayo mawili alifungwa kamba mguuni siku nne kama ndama, katika nyumba ya watu wanaosali kabla ya kula. Mwishoni alifikishwa hospitali, akapewa vidonge, na sauti zikaondoka moja baada ya nyingine, kama wageni wanaoona aibu kuaga.

Miaka mitatu ilipita. Eseri alimeza dawa yake kila jioni bila kukosa. Alilima, alipika ndizi, aliteka maji. Ila maziwa hakuyagusa. Kansiime alikuwa ametoa amri siku ile ile, na hakuitengua: mkono wa Eseri usiguse chombo wala kichanja. Mume wake, Mwebesa, alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa na woga ndani. Kila Eseri alipomuuliza, alijibu kwamba mama ameshasema.

Siku za Jumanne na Alhamisi Eseri alikwenda kituoni. Lilikuwa ghala la zamani la kahawa, na hata baada ya kupakwa chokaa lilinukia maganda makavu. Ukutani kulikuwa na kibao chenye jina refu la mradi wa afya ya akili, lakini watu walisema tu "kwa Therese". Mtu aliingia wakati alioutaka na kutoka alipotaka. Waliojisikia kusuka walisuka mikeka na vikapu. Waliojisikia kulima walikuwa na bustani ya kabichi na maharage nyuma ya ghala. Kulikuwa na uji saa nne, na mara moja kwa mwezi muuguzi kutoka hospitali alikuja na sanduku la dawa. Aliyechoka alilala. Eseri alipenda kulala mkekani wakati jua linapopenya matundu ya mabati na kusimama katika vumbi kama mabua ya dhahabu. Dawa ililainisha mchana wake. Aliwasikia wenzake wakizungumza kwa mbali, kama watu wa ng'ambo ya mto, na hakuna aliyemwambia anyanyuke.

Therese mwenyewe alikuwa mhudumu wa afya, mwanamke mnene wa miaka arobaini na mitano, ambaye wazazi wake walitoka Burundi na kuanza maisha hapa kwa kibarua cha shamba. Hakuwa na maneno matamu. Aliyeruka dawa siku mbili alimkalisha na kumgombeza mbele ya uji wake mpaka uji ukapoa. Watu walimpenda kwa hilo, maana nyumbani walisemeshwa kwa sauti ya chini, kama mayai yanayoogopwa kupasuka.

Mwenzake Eseri katika kusuka alikuwa mzee Mbonimpa. Huyu alipalilia kahawa za watu maisha yake yote, na mkewe alipofariki alizunguka barabarani miaka miwili akizungumza naye. Sasa alikuwa na nafuu. Alisema anazungumza naye wakati wa kupalilia tu, kwa kuwa marehemu alijua maharage kuliko yeye.

Mwezi wa sita habari njema ilifika nyumbani kwa Mwebesa. Kemigisha, binti yao mkubwa, alikuwa ameposwa na familia ya Songambele, upande wa Kyerwa, na harusi ikapangwa. Katika ukoo ule binti hutoka kwao na vyombo vyake vipya vya maziwa, na kabla hajatoka, vyombo hivyo hufukizwa siku nyingi kwa moshi wa nyasi za mbugani mpaka mti wenyewe unukie. Kazi hiyo ni ya mama. Binti akifika ugenini, akifunua kifuniko, hukutana na harufu ya kwao.

Jioni moja, wakiwa wanakula, Kansiime alitangaza kwamba vyombo vya Kemigisha vitafukizwa na shangazi yake Xaveria, ambaye angefika kutoka Rugera Jumamosi. Alisema hivyo bila ukali, kama anayepanga zamu za maji. Mwebesa alitafuna. Kemigisha aliangalia sahani yake. Hakuna aliyemtazama Eseri, naye akaona kwamba jambo lilikuwa limezungumzwa mahali ambapo yeye hakuwepo.

Hakutaka kitu kingine katika dunia hii. Hakutaka kuombwa radhi wala kupewa funguo za nyumba. Alitaka mikono yake mwenyewe ivifukize vyombo vya mwanawe. Xaveria akiifanya kazi hiyo, basi yale yanayosemwa barabarani yangekuwa kweli milele, na Kemigisha angeyabeba hadi kwenye nyumba ya watu wengine, kila asubuhi, katika kila chombo.

Alhamisi alimweleza Therese. Therese alijitolea kwenda kuzungumza na Kansiime, na kama ni lazima, kumchukua mchungaji. Eseri alikataa. Alisema miaka mitatu watu wamemzungumzia, safari hii anataka azungumze yeye.

"Basi utasema hapa kwanza," Therese akamwambia. Ndiyo ilikuwa desturi ya kituo. Neno zito la kusemwa nyumbani lilifanyiwa mazoezi ghalani, mbele ya watu ambao hawangelibeba nje. Mmoja alichukua nafasi ya mtu anayeogopwa, na mwenye neno akamkabili.

Akatafutwa wa kuwa Kansiime. Mbonimpa alijifunga kitenge kichwani, akachukua mpini wa jembe uwe fimbo, akaketi juu ya gunia na kukunja uso. Watu wakaacha kusuka.

"Wee mama Kemi," akasema kwa sauti nyembamba ya kikongwe, "mbona umesimama kama mdai kodi? Sema upesi, ng'ombe wananisubiri."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiyo naisikia kila siku. Nyingine?"

Walicheka, na Eseri akacheka nao. Kisha akasema aliyoyaandaa: kwamba amepona, kwamba hajaruka dawa hata siku moja, kwamba muuguzi ameandika hivyo kwenye kadi yake.

"Kadi inakamua?" Mbonimpa akauliza. "Ilete nikaifunge zizini."

Watu wakacheka tena, mmoja akajipigapiga mapaja. Mzee alingoja watulie. Halafu, kwa sauti yake mwenyewe, maana ile ya kikongwe ilikuwa imempotea, akamuuliza, "Kwa nini ulimwaga maziwa yangu?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Mganga alimuuliza nani kamroga. Waombaji walimuuliza dhambi gani kaficha. Daktari alimuuliza sauti zilianza lini na zinamwamuru nini. Mwebesa hakuuliza kitu. Eseri alisimama katikati ya yale mabua ya mwanga, akasikia jibu likija kutoka mbali sana, kana kwamba mtu mwingine analileta mkononi.

"Yalikuwa yanalia."

"Maziwa hayalii, mwanangu."

"Yalilia kwa sababu mimi nilikatazwa."

Akaeleza. Kabla ya asubuhi ile alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Bainomugisha, akaishi siku tisa. Kesho yake baada ya mazishi walimrudisha mbele ya kichanja, maana Kansiime alikuwa wa zizini, na hapakuwa na mwanamke mwingine wa kushika maziwa. Kansiime alimwonya kwamba chozi lisidondoke karibu na vyombo, kwani maziwa yaliyoliliwa huharibika na ng'ombe wake hukauka. Eseri aliamini, akatii. Alibana kilio asubuhi na jioni, siku arobaini, na jina la mtoto halikutajwa tena katika nyumba ile. Hata siku maziwa yalipoanza kulia, alijua yanamlilia nani.

Mbonimpa alivua kitenge, akakikunja vizuri, akakiweka magotini. Hakuweza tena kuwa Kansiime.

"Hayo ndiyo ya kwenda kusema," Therese akasema. "Ya kadi yaache hapa."

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu ya vilima. Kansiime alikuwa ameketi kando ya moshi wa zizi, akingoja ng'ombe warudi. Eseri alipiga magoti, akamwamkia, na hapo akagundua kwamba mazoezi hayakumsaidia kitu, kwa kuwa huyu hakukunja uso wala hakufanya mzaha. Alikuwa mwanamke mzee tu, macho yake yamejaa maji kwa moshi.

"Mama," akasema, "nilimwaga maziwa kwa sababu sikuwa nimemlilia mtoto. Ulinikataza, nikatii."

Si rahisi kumwambia mkubwa wako ukweli bila kupandisha sauti hata uwe ugomvi, na bila kuishusha hata uwe uongo. Eseri alipata njia ya katikati.

Ng'ombe walianza kupanda kutoka bondeni, pembe kwanza, kisha migongo, vumbi likiwafuata kama shuka jekundu. Kansiime alimwita mmoja kwa jina, akamwita mwingine. Bila kugeuka, akasema, "Na mimi nilikatazwa."

Akasimulia kwa maneno machache, macho yakiwa kwa ng'ombe. Kabla ya Mwebesa alikuwa na mtoto, wa kike. Alizikwa nyuma ya zizi lao la zamani, mahali ambapo sasa pamemea vichaka na hakuna anayepajua. Mama mkwe wake alimwambia maneno yale yale, kuhusu chozi na maziwa, naye akayapokea kama sheria ya nyumba na kumpokeza Eseri vile vile. Aliishi nayo zaidi ya miaka hamsini.

"Mimi sikuyasikia yakilia," akasema. "Labda sikusikiliza."

Hakuomba msamaha. Ilimpasa kuomba, na umri haumpi mtu ruhusa ya kuacha. Kosa ulilorithi likishapita mikononi mwako kwenda kwa mwingine, limekuwa lako. Eseri alilingoja neno lile mpaka ng'ombe wa mwisho akaingia zizini. Neno halikuja. Alishangaa kuona kwamba magoti yake yalimnyanyua bila hilo neno, akaenda kuwasha moto wa chakula. Hiyo ilikuwa nguvu yake mwenyewe, na haimwondolei Kansiime hatia.

Asubuhi ya Ijumaa Kansiime alimwagiza Mwebesa ampigie dada yake simu, amwambie asije Jumamosi, aje siku ya harusi pamoja na wageni wengine. Mwebesa alishika simu sikioni kabla hajabonyeza namba, akauliza vyombo sasa atafukiza nani. Mama yake alimwambia apige simu kwanza, mambo ya moshi awaachie wenye macho ya kuvumilia. Kisha akamgeukia Eseri.

"Nyasi za mwaka jana panya wamezilalia," akasema. "Kakate mpya. Za juu kilimani, mama Kemi, usiniletee za bondeni, zinanuka maji. Na ufute umande kabla hujazifunga, usinifanyie uzembe."

Eseri alichukua mundu na kamba. Kemigisha akamfuata bila kuagizwa.

Kilimani ukungu ulikuwa haujaondoka. Mbuga yote ilikuwa imelala chini ya weupe, na miti michache ilisimama ndani yake kama watu waliosahau walikuwa wakienda wapi. Nyasi zililowesha kanga zao hadi magotini. Eseri alikata jani, akalisugua kiganjani, akampa binti yake anuse, ajue hii ndiyo na ile inayofanana nayo siyo. Walisogea pamoja kwa mstari, mmoja akikata, mwingine akikusanya, na kwa muda mrefu palikuwa na sauti ya mundu tu na ya ng'ombe wa watu mahali fulani chini, wasioonekana.

"Mama," Kemigisha akasema, akiwa ameinama bado, "Bainomugisha angekuwa na miaka mitatu sasa."

Mundu ulisimama kidogo. Tangu siku ya mazishi, hakuwa amelisikia jina lile katika kinywa cha mtu wa nyumba yake.

"Mitatu na miezi mitatu," Eseri akasema. Akafuta uso kwa upande wa mkono, akalishika fungu jingine la nyasi, na kukata.