Makofi Mawili ya Gide

Enzi zetu, nyie wa rika langu mnajua, mtoto alitembea mpaka nyayo zinakuwa ngumu kama ngozi ya ngoma. Leo kijana wa Rugerero akija mjini hapa anangoja gari, eti amechoka. Amechoka nini? Mi nilikuwa na miaka tisa nilipotoka Gisenyi na mama, tukavuka Goma, tukapita Rutshuru, siku nne kwa miguu, nyuma ya Mzungu mmoja wa shamba la kahawa aliyetaka kuua mbogo. Mama alikuwa mpishi wake. Baba alikuwa amekufa, na nyumbani hakukuwa na wa kuniachia.

Aliyetuongoza porini aliitwa Bizimana, lakini wote tulimwita Gide, kiongozi wa njia kwa Kifaransa, hata Mzungu. Mtu mfupi, ananuka moshi na tumbaku, sikio moja limekatwa. Nyama ikichomwa alinipa mafuta nilambe kwenye jani. Kufika siku ya tatu, kichwani mwangu nilikuwa nimeshamwozesha mama.

Sheria yake ilikuwa moja.

"Mukiwa porini, hakuna kuitana jina," alituambia. "Mutu akiitwa jina, anageuka kuangalia nani anamuita. Mukiona hatari, mupige makofi mbili. Mi nikisikia, nalala chini, siulizi."

Akatujaribu. Pa-pa, na wapagazi wote chini, mama na sufuria yake chini. Mzungu akabaki amesimama.

"Bwana," Gide akamwambia, "we umeshakufa."

Tulicheka mpaka machozi.

Bon. Siku ya sita Mzungu akapiga mbogo vibaya, tumboni, mbogo akaingia kwenye matete na risasi yake. Desturi ya kazi ile ilikuwa hiyo: mnyama aliyejeruhiwa haachwi, na anayemfuata ni gide, si aliyepiga. Mzungu akakaa kwenye kiti chake kambini. Gide akachukua mkuki, akaenda.

Mi nilikuwa mtoni. Chungu kilikuwa kichwani, kimejaa maji, nimekishika kwa mikono miwili. Ng'ambo nikamwona Gide ameinama, anatafuta damu kwenye majani. Nyuma yake, karibu kama kutoka mlangoni hadi jikoni, nikamwona mbogo. Alikuwa amezunguka, amesimama, anamngoja.

Asubuhi ile mama alikuwa ameniambia, "Ukivunja hii chungu, na we nitakuvunja."

Kupiga makofi ilikuwa lazima nikiachie. Sikukiachia. Niliita jina lake, kwa nguvu zangu zote.

Akageuka, akaniangalia mimi, kama alivyosema mtu hufanya. Hata alianza kutabasamu.

Mbogo alifanya nini, sitaandika. Tulimzika palepale. Chungu hakikuvunjika. Mama alipikia maharage humo mpaka nikaolewa, na kila alipokiteleka motoni mi nilitoka nje. Hakuwahi kuniuliza kwa nini, na mi sikuwahi kumwambia.

Sasa miaka hii masasi ya bunduki yanalia kwenye vilima vya Kanama, na nyumba yangu ina wajukuu saba. Niliwafundisha: pa-pa, chini, huulizi.

"Nyogokuru, hii ni muchezo ya watoto," mkubwa wao alinicheka mimi bibi yake. Yeye anasikiliza redio, anajua kila kitu.

Siku masasi yalipofika kwenye migomba yetu, mchana kweupe, wote walikuwa uani. Nilikuwa nimebeba bakuli la unga. Nikaliachia, nikapiga. Wote saba wakaanguka kama nguo zilizokatikiwa kamba. Matundu yako ukutani mpaka leo, kimo cha kifua cha mtoto. Na wajukuu wangu wako, wanakula, wanagombana, wawili ni wa kwanza darasani. Najivuna, sifichi.

Lakini enzi zetu makofi mawili yalikuwa ya mbogo, na mbogo alikaa mbali, siku nne kwa miguu. Ukirudi nyumbani, makofi yalikuwa ya ngoma tu.

Jumapili iliyopita tulikuwa harusini Rugerero. Maharusi wakaingia, watu wakaanza kupiga makofi. Mjukuu wangu wa mwisho, miaka minne, na kagauni kake keupe, akalala chini katikati ya viti, uso kwenye sakafu. Watu wakacheka, mama mmoja akasema huyu anadeka.

Nikapiga magoti kando yake. "Amuka, mama," nikamwambia. "Hizi ni za furaha."

Hakuamka. Nikamwekea mkono mgongoni, tukangoja hapo mpaka mikono ya watu ikachoka.