Kanga ya mkaja iliyolowa divai

Ting. Kimya kidogo. Ting.

Adhana ya alfajiri bado. Ukumbini kwa Mwamvita Nurdini, Mtendeni, mjini Tabora, taa moja inawaka. Mwenyewe ameketi mkekani, anagonga glasi moja moja kwa ukucha. Iliyo nzima inalia vizuri. Yenye ufa inatoa sauti kavu, naye anaiweka kando.

"Macho yamechoka, masikio bado," anasema na kucheka.

Mwamvita, mjane wa miaka hamsini na minane, hufungasha vyombo vya watalii. Wageni hao husafiri kutoka Tabora hadi Ujiji kwa njia ya zamani ya misafara, wakilala katika vijumba vya magurudumu vinavyovutwa na magari. Wenyewe huviita karavani. Jioni hupenda divai katika glasi za kioo, hata wakiwa porini, na barabara ikiharibika kila kitu humo ndani hurukaruka.

Kazi yake ni kuona vyombo vinafika vizima. Kila glasi hujazwa kitambaa tumboni, shingo yake nyembamba huviringishiwa kingine, kisha husimamishwa katika chumba chake ndani ya sanduku la mbao, isigusane na mwenzake. Chupa hulazwa chini kabisa ya karavani, karibu na ekseli ya magurudumu, ambako gari halirushi sana na jua halifiki. Vitambaa vyenyewe ni vipande vya kanga kuukuu.

Kwa safari moja hulipwa shilingi elfu arobaini. Ndizo zinazomlipia kodi ya nyumba.

Leo, hata hivyo, mawazo yake hayako kwenye sanduku. Binti yake wa pekee, Hafsa, ana mimba ya kwanza na siku zake zimekaribia. Ameahidi kuja asubuhi hii na jibu: atajifungulia kwa mama yake, kama ilivyo desturi, au atabaki Kitete kwa wakwe.

Chanzo cha yote ni chupa moja.

Mwamvita ni Mwislamu na hakupenda kushika pombe. Mwenzake wa kazi, Spesioza Emilian, Mkatoliki wa Ulyankulu, aliliona hilo siku yao ya kwanza. Alihamishia kigoda chake upande wa chupa, akamwachia Mwamvita glasi. Wakagawana hivyo tangu siku hiyo.

"Mimi nitaulizwa na padri, wewe ungeulizwa na mkwe," anasema Spesioza, aliye kigodani pembeni yake, akiiviringishia chupa kitambaa. "Afadhali padri, Mama Hafsa. Padri ukimwambia ukweli anakusamehe."

"Nyamaza wewe, Mama Egidi, utanichekesha nivunje glasi."

Wakati wa mvua Spesioza aliugua malaria. Dereva alikuwa nje anapiga honi, chupa zimebaki, vitambaa vimelowa kambani. Mwamvita akafungua sanduku lake la nguo, akatoa kanga ya mkaja.

Mkaja ni nguo ambayo upande wa mume humpa mama wa bibi harusi, kwa heshima ya tumbo lililomzaa binti. Yake alipewa na Bi Tunu, mama wa Sabiri, mume wa Hafsa. Hakuwahi hata kuivaa.

"Nilisema ni safari moja tu, ikirudi nitaifua," anaeleza. "Ilikuwa nzito. Nikaona hii ndiyo itakayoilinda chupa."

Chupa ilipasuka kabla ya kufika Kaliua. Kanga ikarudi nyekundu. Aliifua, akaianika uani, na mchana ule ule Bi Tunu akaja kumjulia hali, amemletea mihogo.

"Aliitambua palepale. Akashika pindo, akanusa. Hakupiga kelele. Aliweka mihogo chini, akaniuliza, 'Mwamvita, nguo hii tulikupa wewe au tuliwapa walevi?' Akaondoka hata kukaa hakukaa."

Mtaa mzima ukajua. Pale bombani jirani mmoja bado humuuliza kama siku hizi anapima kwa glasi au kwa chupa, na wenzake hucheka. Sabiri alimkataza mkewe kula wala kunywa kwa mama yake. Mwenye magari, kwa upande wake, alichoona ni chupa. Akamkata malipo.

Spesioza alipopata nguvu alikwenda Kitete kwa miguu, akamwambia Bi Tunu kwamba kosa ni lake yeye, kwa sababu ndiye aliyeugua. Alipewa chai, akasikilizwa mpaka mwisho, akarudi bila jibu.

"Hata marehemu mume wangu hakunitetea hivyo," anasema Mwamvita.

Angependa kuacha. Anatamani glasi zake mwenyewe, azikodishe kwenye harusi za hapa mtaani watu wanywee sharubati. "Nikipata dazeni chache za kuanzia, Mama Egidi nitamwachia divai yake." Kwa sasa hana hata moja, na kodi haingoji.

Jua limeshapanda Hafsa anapofika. Spesioza anajitwika sanduku, anatoka nalo uani ili wawili hao wabaki peke yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia upumzishe miguu."

"Nipo tu hapa, mama. Bajaji inanisubiri."

Amesimama kizingitini, mkono kiunoni. Mama anamletea maji. Hafsa anakitazama kikombe, anageuka kuitazama bajaji, hanywi.

"Sabiri amesema nitazalia kule. Mama mkwe ndiye atakayenikanda."

"Na wewe umesemaje?"

"Mimi ningesema nini, mama?"

Mwamvita anakunja kitambaa kilichokuwa mkononi, anakikunjua, anakikunja tena.

"Bi Tunu ana mikono mizuri," anasema mwishowe. "Mwambie maji yawe moto kweli. Asikuonee huruma."

Hafsa anafungua mkoba, anatoa kichupa cha dawa ya kuchua magoti yanayomsumbua mama yake, anainama kwa taabu na kukiweka chini karibu na mlango.

"Usiseme nimekupa mimi."

Anaanza kushuka ngazi, mkono mmoja ukutani. Mama yake anatoka hadi mlangoni.

"Hafsa! Njoo tena, mama. Hata kama huingii."