Kahindi Nusu Tangi

Jina la Nusu Tangi alipewa na madereva wa teksi wa Malindi, na hawakumpa kwa heshima. Walikuwa wakiona gari lake lina petroli mpaka katikati, naye anaingia kituoni kuongeza. Wao wanatia ya mia mbili, wanabeba abiria, wanatia ya mia tatu, na taa ya mafuta imewaka tangu asubuhi.

"Nusu Tangi, leo safari ya Sudani?"

"Hilo gari si la betri? Petroli unaoga?"

Naye hucheka kidogo, anafunga kifuniko, anaondoka zake.

Mimi ni shangazi yake, dada wa baba yake. Mama yake alifariki yeye ana miaka minne, nikamlea mimi. Nilisoma mpaka darasa la saba, wakati darasa la saba lilikuwa darasa la saba kweli, na haya ninayaandika mwenyewe kwa sababu nimechoka kuyasikia yakisimuliwa na Kambi. Kambi kila akisimulia, yeye mwenyewe hayumo.

Kahindi alizaliwa hapa kwetu, ndani ya Vitengeni, saa nzima kwa miguu kutoka madukani. Alipofika miaka kumi na minane akaenda Gongoni kwenye mashamba ya chumvi. Miaka minane alikwangua chumvi. Akija nyumbani Krismasi, nyayo zake zimepasuka mpaka unaona nyama, nami nilimpaka samli usiku na mchana nikimwambia rudi ulime. Harudi. Kutoka kukwangua akawa wa kupakia lori, kutoka kupakia akawa dereva wa lori lenyewe, na mwaka aliomwoa Caroline akanunua gari dogo jeupe kutoka Mombasa, lile la aina mbili kwa moja, lina injini na lina betri kubwa chini ya kiti. Lilikuja kutoka Japani na maandishi yake ya Kijapani, na ndani kuna mwanamke anayesalimu kwa Kijapani gari likiwashwa. Kahindi humjibu, "Marahaba, mama." Ndivyo alivyo. Hajui kununa.

Sasa sikilizeni kosa la kwanza. Aliyemuuzia alimwambia hivi: petroli ikiisha usitie wasiwasi, betri itakufikisha. Aliamini. Tuliamini sote, kwa sababu gari hilo likianza kwenda halina mlio. Linatambaa tu kama paka, na kuku wa hapa liliwakanyaga wawili wiki ya kwanza kwa kuwa hawakulisikia. Nani angesema linakunywa petroli?

Mwezi wa pili wa gari hilo Caroline akashikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Taa ya mafuta ilikuwa imewaka. Walipita dukani kwa Thuku, mtu wa bara anayeuza petroli kwa chupa za soda, chupa zimepangwa mezani pale, Kahindi akazipita. Betri itatufikisha. Kando ya msitu wa Arabuko injini ikakata. Gari likaenda kidogo kwa betri, kilomita moja, labda moja na nusu, halafu likazima lote, na yule mwanamke wa Kijapani akasema neno na kunyamaza. Walisukumwa na watu wa makaa. Walipofika Malindi, Caroline alipasuliwa, na mtoto alitolewa amekwisha kwenda. Alikuwa mvulana. Nilimwosha mimi.

Fundi wa Malindi anayeitwa Odera ndiye aliyemwambia ukweli, baadaye, gari likiwa limeinuliwa juu. "Ndugu, betri hii huichaji ukutani. Inachajiwa na injini. Injini inaendeshwa na petroli. Ukikosa petroli umekosa vyote viwili, na ukiilazimisha betri ikubebe peke yake, unaiua. Usiache tangi lishuke nusu, hutapata shida na gari hili maisha."

Ndiyo Nusu Tangi mnayoicheka hiyo.

Mimi Kahindi alinieleza mara tatu. Mara ya tatu nilimkata: "Usinifundishe, mimi nilikufuta makalio." Sikupenda kufundishwa. Na kisimani, wanawake wakisifu wana wao wa Nairobi, mimi nilisema, "La mwanangu halinywi petroli, linakwenda kwa stima." Nilisema mara nyingi. Lilinipendeza mdomoni.

Mwaka jana Caroline akapata mimba tena. Daktari akawaambia wazi: mwenye kovu la kupasuliwa hangoji. Uchungu ukianza tu, njoo, kovu linaweza kuachia. Kahindi akapanga chumba Malindi, wahamie Jumatatu, wiki tatu kabla ya siku zake. Na wakiwa bado hapa, gari lilikuwa limejazwa tangi zima na kuelekezwa barabarani. Kila jioni alilikagua.

Alhamisi kabla ya Jumatatu hiyo, baba wa Kambi akafa.

Kambi ni jirani yetu. Kwa mazishi ya babake alitaka mambo makubwa: spika nne, jenereta, mtu wa kushika kipaza sauti, wageni wa Kilifi na Malindi. Kuna wakati hapa kwetu mfu alililiwa kwa midomo ya watu, na sauti ilifika mpaka mto wa pili bila waya hata mmoja. Siku hizi asiye na spika anaonekana hakumpenda babake. Tangu Ijumaa zilipiga kelele mpaka mbuzi wakaacha kula.

Jumamosi asubuhi vijana na watu wazima walichimba kaburi kwa zamu. Zamu ya Kahindi ilipofika alivua shati na kunipa ufunguo wa gari. Si ufunguo hasa, ni kidude cha plastiki. "Shikilia, Shangazi, nisije nikauzika." Nikaufunga kwenye pindo la leso, fundo la mara mbili. Akaingia shimoni.

Haikupita nusu saa, spika zikanyamaza. Kambi akaja mbele ya wanawake wote, akapiga goti.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Sema."

"Jenereta imekauka. Mwili uko njiani, wageni wako njiani. Tumzike Mzee kimya kimya kama kuku?"

"Nenda kwa Thuku."

"Thuku hana hata tone. Chupa zake tumezimaliza jana."

"Na mimi nina kisima cha petroli?" Wanawake wakacheka. Nilifurahi walivyocheka.

"Una gari, Shangazi. Gari la Kahindi. Si wewe uliyetuambia halinywi petroli? Imekaa tu mle ndani, hana kazi nayo. Wewe ndiwe mwenye mji, sina wa kumwomba mwingine."

Mwenye mji. Mbele ya wanawake thelathini. Ningeweza kumwita Kahindi, kaburi halikuwa mbali, hatua mia mbili. Sikumwita. Nilifungua fundo la leso kwa mkono wangu huu ninaoandikia.

"Chukueni," nikasema, "lakini msimalize."

Msimalize! Walikuja na dumu la lita ishirini na jingine la kumi, na mpira. Jenereta ilitiwa lita nne. Zilizobaki Kambi aligawia watu wa bodaboda, sita, eti wakapokee wageni barabara kubwa, na kila mmoja akajaza mpaka shingoni kwa kuwa ni ya bure. Kambi akanirudishia ufunguo kwa mikono miwili na spika zikaanza tena.

Saa nne Caroline alikuwa amekaa karibu nami akichambua mchele. Akanishika mkono. Kucha zake zikaingia.

"Shangazi. Huu si uchungu wa kujaribu."

Tulimwita Kahindi akatoka shimoni mwekundu kwa udongo mpaka kifuani. Alimbeba mkewe, akamlaza kiti cha nyuma, akaja kwangu, akalifungua fundo mwenyewe. Nilitaka kusema. Nikamfungia Caroline mlango. Gari likawaka bila mlio, mwanamke wa Kijapani akasalimu, likatambaa hatua kumi.

Akalisimamisha, macho kwenye vijiti vya mafuta. Akalizima.

Akatoka. "Nani ametoa petroli?"

Spika zilikuwa zikiimba. Kambi akaja mbio. "Ndugu yangu, umezima nini? Si lilikuwa linakwenda? Kipicha cha betri kimejaa, nimekiona! Nenda!"

"Kambi, toka mbele yangu."

"Lina betri, Kahindi!"

"Betri hiyo ndiyo iliyoniachia mwanangu msituni."

Nikasema, "Ni mimi. Nilimpa ufunguo."

Alinigeukia. Halafu akauliza, "Iko wapi sasa?" Basi. Hakuuliza kingine.

Magari mengine yote yalikuwa Malindi kuleta mwili. Mtu akasema Caroline apakiwe bodaboda. Caroline mwenyewe alipiga ukelele kwa kusikia tu. Kahindi akaenda kwenye jenereta, akaizima. Mshika kipaza sauti alikuwa katikati ya kumsifu marehemu, sauti yake ikabaki ndogo, ya mtu wa kawaida. Kahindi akaipindua jenereta na kumwaga petroli yake ndani ya chupa, akaichuja kwa leso yangu. Zilipatikana lita mbili tu.

"Inatosha! Nenda!" watu wanapiga kelele.

"Haitoshi. Malindi ni kilomita hamsini. Nahitaji tatu."

"Mkeo anakufa wewe unapima!"

"Ninapima ndiyo asife."

Walimwita mtu asiye na moyo. Watu wale wale waliokuwa wakisikiliza spika kwa petroli yake. Nilipoyasikia hayo, miaka yangu sabini na nne ilinitoka miguuni. Bodaboda wanne walikuwa wamekwisha kwenda, wawili walikuwa wanawasha. Nilisimama mbele ya gurudumu la wa kwanza, Owen, baba wa watoto watatu.

"Shangazi, nipishe, nina wageni wa kupokea."

"Nikanyage."

"Shangazi, mimi nilipewa na Kambi."

"Na Kambi alipewa na mimi, na mimi niliiba. Vua mpira wa petroli, Owen, ama nikuvulie hapa nguo zote na si huo mpira tu!"

Alitoa. Wa pili hakungoja kuambiwa. Chupa mbili za soda, nusu lita na nusu lita, na mate ya petroli Owen aliyatema mpaka jioni. Tangu Caroline aliponishika mkono mpaka Kahindi afunge kifuniko cha tangi zilipita dakika arobaini. Ninazijua moja moja.

Nilipanda nyuma, kichwa cha Caroline mapajani mwangu. Kahindi alifungua madirisha, akazima kila kinachovuta nguvu ndani ya gari, akaendesha polepole, sawasawa, hakanyagi breki ila kwenye mashimo.

"Kahindi, kimbiza!" Caroline analia. "Kimbiza, wewe!"

"Nikikimbiza hatufiki, mama. Nikienda hivi tunafika." Shingo yake ilikuwa na udongo wa kaburi, na jasho limechora mistari juu yake. Tulipita mahali pale msituni.

Tulifika.

Muuguzi aliyetupokea, Nyaboke, aliona damu akamwita daktari kwa jina bila hata kuweka cheo. Alinigeukia: "Mama, uchungu umeanza lini? Mnakaa mbali?"

"Mbali," nikasema. Nimekaa maisha yangu yote nikijisifu kwamba sisemi uongo, nikamwambia mbali, zile dakika arobaini sikuzitaja.

Mtoto alitoka hai, wa kike, analia kwa hasira. Kovu la Caroline lilikuwa limeanza kuachia. Walimwokoa kwa kuondoa mfuko wa uzazi. Ana miaka thelathini na mmoja, na hatazaa tena. Aliambiwa siku ya tatu. Aligeukia ukutani, na mimi nikatoka nje kwa kuwa sikuwa na haki ya kumfariji.

Kambi alileta mbuzi na maneno. "Mungu ni mkubwa, ilikuwa shida ndogo ya mafuta, tumshukuru." Kahindi akampokea mbuzi, akampa kiti. Nilitaka kumtwanga Kambi na mchi. Shida ndogo ya mafuta! Na bado wapo hapa kijijini wanaosema Kahindi alikuwa na kiburi, angekwenda tu na betri, angefika mapema. Nawaandikia nyinyi, mnaojijua: angekwama palepale alipokwama mara ya kwanza, na tungezika watatu badala ya mmoja.

Kwangu mimi Kahindi hakusema kitu. Nilingoja anitukane. Nilimngoja wiki mbili, nimejiandaa, hata majibu ninayo. Siku ya kumtoa mtoto nje akasimama na kusema jina lake ni Kache.

Kache ni mimi.

Binti wa kwanza huchukua jina la upande wa baba, na bibi yake mzaa baba hayupo, kwa hiyo ni haki yangu. Najua. Lakini angenitukana ningelala usingizi.

Juzi alikuja kulima kipande cha juu. Alivua shati, akanipa ufunguo kama zamani. "Shikilia, Shangazi." Niliufunga fundo la mara tatu. Halafu nikaenda kwenye gari, nikafungua mlango, nikabonyeza kitufe alichonionyesha, mwanamke wa Kijapani akasalimu, nikahesabu vijiti vya mafuta. Vyote vimejaa. Nikazima. Nikaleta kiti changu nikakiweka ubavuni, mgongo wangu umeegemea palepale penye kifuniko cha tangi, nikakaa na fimbo mapajani mpaka adhuhuri.

Kambi akapita na dumu tupu mkononi.

"Shikamoo, Shangazi."

Nilimwangalia mpaka akapita.