Msalaba wa Ndoo na Raba

Revocatus aliishi Dar es Salaam miaka mingi, akiendesha mashine ya kutengeneza ndoo na viti vya plastiki kiwandani. Mkewe Dafrosa alibaki Ipuli, Tabora, akimlea binti yao Julieth. Dafrosa alipoanza kuugua, Revocatus aliacha kazi akarudi. Wakakaa pamoja masika moja, muda mrefu kuliko likizo zake zote. Kisha Dafrosa akafariki, akazikwa kwao Lusu, wilayani Nzega. Baada ya matanga Julieth alirudi kwa mumewe Mwanza. Asubuhi yake Revocatus alizunguka jikoni akitafuta chumvi. Hakujua mkewe alikuwa akiiweka wapi.

Msalaba wa mbao uliliwa na mchwa kabla mwaka haujaisha. Limbu, mdogo wake Dafrosa, alishauri wajenge kwa saruji. Revocatus hakutaka.

“Acha nimtengenezee mwenyewe, shemeji,” alisema. “Hii ndiyo kazi ninayoijua.”

Akakusanya ndoo za buluu zilizopasuka, akazikatakata, akaziyeyusha kwenye pipa juu ya mkaa, akamimina kwenye kalibu ya bati. Msalaba ulitoka umenyooka, na mchwa hawakuugusa. Lakini ng'ombe walipopita makaburini, mmoja alijikuna nao ukakatika kama kijiti kikavu. Limbu alimpigia simu kumweleza, kwa sauti ya mtu anayebeba taarifa ya msiba.

Revocatus alikwenda akaokota vipande. Ufa ulikuwa umepita moja kwa moja, kama kwenye kioo. Akakumbuka kwamba kiwandani, vitu vya kustahimili vishindo vilichanganywa na raba laini: ufa ukianza hukutana na chembe za raba, ukaishiwa nguvu hapohapo. Ila mifuko ya malighafi ilikuwa ikimfikia tayari imechanganywa. Kiasi cha raba hakuwahi kukijua.

Alianza na tyubu za baiskeli. Hazikuyeyuka, zilikaa ndani kama kokoto, na msalaba ukavunjikia hapo. Akaenda sokoni kwa Shamimu, muuza viatu vya mitumba, ambaye alikubali kumwekea viatu visivyouzika. Soli nyingine ziliungua kwa moshi mchungu. Nyingine zililainika, zikayeyuka na kushikana na plastiki, na hizo ndizo alizozitaka.

Moshi uliwaudhi majirani. Hawakumgombeza. Walikuja kwa heshima, wakamwamkia shikamoo, wakamwomba asogee. Akahamishia pipa shambani, nyuma ya nyumba za mwisho, na kuanzia hapo akawa anashinda kutwa bila kusikia sauti ya mtu.

Raba ilipozidi, msalaba ulilegea juani ukainamisha mikono yake. Ilipopungua, ulivunjika. Kiangazi kilimkuta bado anakatakata soli na kujaribu mchanganyiko kwa nyundo. Hatimaye alipiga msalaba mmoja, ukabonyea, ukaota doa jeupe pale nyundo ilipoangukia, usipasuke. Akapiga tena kwa nguvu zake zote. Doa likatanuka tu. Revocatus akageuka, nyundo mkononi, ili amwonyeshe mtu. Nyuma yake kulikuwa na majani makavu na njia ya kurudi Ipuli.

Aliupeleka Lusu, Limbu akachimba shimo, yeye akashindilia udongo. Ng'ombe waliendelea kujikuna nao. Uliyumba, ukarudi mahali pake.

Habari zikafika Isikizya, na watu wakaanza kuja. Wote walikuwa wafiwa. Revocatus aliwasikiliza, akaandika majina ya marehemu kwenye plastiki kwa msumari wa moto, wakaondoka na misalaba yao.

Mmoja wao alikuwa mama wa makamo aitwaye Eustadia, aliyefiwa na mwanawe wa pekee, Amon. Alikaa kwenye gogo akingoja herufi zikamilike. Aliuliza kama yule wa kwanza kutengenezewa alikuwa ndugu yake.

“Mke wangu.”

“Na sasa unaishi na nani?”

“Peke yangu.”

Eustadia aliitikia kwa kichwa. Hakumpa pole, wala hakusema kwamba Mungu ndiye mpangaji. “Jioni ndiyo ngumu,” alisema. “Mchana mtu unajishughulisha.”

Revocatus aliweka msumari chini. Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amemwambia jambo hilo, na yeye hakuwa amemwambia mtu. Akachemsha chai, wakanywa wakiongea habari za Amon na za Dafrosa, mpaka bodaboda ikaja kumchukua mgeni. Revocatus alimfungia msalaba nyuma ya kiti kwa kamba, akakaza vizuri, akasimama njiani hadi mlio wa pikipiki ulipopotea.