Uso wa Nne

Mume wangu Khang anaamini vitu viwili: mashine yake ya leza na mikosi. Mashine aliinunua, mikosi aliirithi kwa mama yake. Kijijini kwetu, nje kidogo ya Hanoi, maseremala wenzake bado wanashika patasi. Yeye hukaa mbele ya kompyuta, miwani puani, akiunguza picha za watu kwenye ubao mwembamba, kisha anaukata vipande ili wenyewe wakavipange upya mezani. Nguo zangu zote zinanuka moshi.

Mwezi uliopita alikuja Vy, mjukuu wa Bibi Xoan. Bibi alikuwa akitimiza miaka themanini, na Vy akaleta picha yake ya zamani na wadogo zake wawili, Bibi Ngoan na Bibi Thoa. Mabibi hao walikuwa hawasemeshani mwaka wa kumi na moja sasa, kisa kisanduku cha tambuu alichoacha mama yao.

"Mjomba, nikatie vipande mia mbili," alisema Vy. "Wakipanga pamoja watasemeshana, wapende wasipende. Bibi hana miaka mingine kumi na mmoja ya kununa."

Nilimpenda binti yule. Lakini Khang alipoifungua picha, akahesabu vichwa. Watu watatu! Kwetu watatu hawapigwi picha pamoja, maana wa katikati ndiye hutangulia kaburini. Na katikati alisimama Bibi Ngoan, mgonjwa wa presha.

Mtu mwenye akili angempigia Vy simu. Mume wangu akaongeza mtu wa nne. Hakumwambia yeyote, hata mimi. Akachukua uso uliokuwa karibu kwenye kompyuta, akaupachika nyuma ya bega la Bibi Xoan. Tena kwa heshima hakupitisha mkato usoni mwa mtu: kila uso ulikuwa kipande kimoja, kikubwa, kizima.

Siku ya sherehe nilikuwa jikoni kwa Bibi Xoan, mimi na majirani, tukipakua wali wa kunata. Sebuleni mabibi walipanga kimya. Vy alikuja machozi yakimlenga.

"Shangazi, wanakaribia kumaliza. Hakuna aliyesema hata 'nipe hicho'."

Ndipo tukasikia sauti ya Bibi Ngoan.

"Huyu nani?"

"Mimi nitajuaje?" Bibi Xoan akajibu.

"Si kasimama mgongoni kwako!"

"Kwani aliniomba ruhusa?"

"Tena kanuna," akadakia Bibi Thoa. "Dada, asije akawa yule mwanamke wa marehemu shemeji. Yule wa mjini Nam Dinh."

"Mume wangu alikuwa na mtu Nam Dinh?" Bibi Xoan akauliza.

"Kijiji kizima kinajua."

"Na nyinyi mkaninyamazia?"

"Tungekuambiaje," alifoka Bibi Ngoan, "na hatusemeshani?"

Nikaingia na sinia la wali. Wakanitazama mimi, wakatazama mezani, wakanitazama tena. Nikachungulia. Ilikuwa picha yangu ya kitambulisho, ile niliyopigwa nikiwa na jino linaniuma.

Khang aliburutwa kutoka alikokuwa akinywa chai na wanaume. Akajieleza, jasho likimtoka. "Nilimhurumia Bibi Ngoan. Yuko katikati."

"Mnamsikia?" Bibi Ngoan akawageukia ndugu zake. "Fundi wa watu kanihurumia! Nyie mlioniweka katikati mlikuwa mnanitakia nini?"

"Ulijisukuma mwenyewe," alisema Bibi Thoa. "Ulitaka kuonyesha skafu mpya."

Bibi Xoan akacheka hadi akapaliwa na tambuu, na Bibi Ngoan akawa anampigapiga mgongoni. Vy alisimama mlangoni akilia waziwazi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

"Nisameheni, bibi zangu," nikasema. "Kesho Khang atawatengenezea nyingine, mimi nitolewe."

Bibi Xoan akafunika uso wangu kwa kiganja chake pale mezani, nisije nikaung'oa.

"Utolewe uende wapi? Ukitoka wewe, sisi tutamsema nani?"