Soda ya Mwalimu Mkuu

Juzi, katika hospitali alikolazwa mama mjini Thika, daktari aliniambia niketi, na nesi akaniwekea soda mezani.

Nikajikuta nimerudi Ruiru, katika shule ya wavulana niliyosomea, mchana mmoja uliojaa harufu ya maganda ya kahawa. Pale kwetu mvulana aliyefiwa hakuambiwa darasani. Aliitwa kwa mwalimu mkuu, akapewa soda, akanywa kwanza, ndipo akaambiwa. Kamau, aliyelala kitanda cha juu ya changu, alikunywa ya machungwa, na jioni hiyo akachukuliwa kwenda kumzika baba yake.

"Njoroge, unaitwa ofisini," mwalimu wa zamu akasema mlangoni. Hakuna aliyenitazama.

Ofisi ilinukia polishi ya sakafu. Chupa ilikuwa mezani, imeshafunguliwa, viputo vikilia polepole.

"Kunywa, kijana," mwalimu mkuu akasema.

"Sina kiu, mwalimu."

"Kunywa tu."

Nilikuwa na mzazi mmoja pekee. Niliamini kwamba nisipokunywa mwalimu mkuu hataweza kuniambia, na asiponiambia, basi halijatokea. Nikabana midomo mpaka meno yakauma.

Kisha mlango ukafunguka, mama akaingia na viatu mkononi, ametoka kuviosha matope bombani.

"Nimepita tu kukuona," akasema. "Na hiyo soda niliyokuletea, mbona huinywi?"

Juzi pia sikuigusa. Nilikaa nikiutazama mlango.